Kioo Ambacho Hakikugeuzwa

Siku mume wangu alipozikwa, wifi yangu aligeuza vioo vyote vya nyumba vikatazama ukuta. Ilikuwa kazi kubwa, maana mume wangu alikuwa fundi wa vioo. Duka letu pale Kashaulili, mjini Mpanda, lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba tuliyoishi, na humo mlikuwa na vioo vya kabati, vioo vya kunyolea, vioo vya sebuleni vyenye maua pembeni, na vile vipana ambavyo havijakatwa bado. Alivigeuza kimoja kimoja, hataki kusaidiwa. Alipomaliza akatoka uani akamwaga maji yote: ya mtungi, ya ndoo, ya birika, hata ya kopo la kutawadhia. Katika ukoo wao, maji yaliyokuwa wazi ndani ya nyumba mtu akikata roho hayaachwi. Wanasema marehemu hujitazama humo mara ya mwisho, na yasipomwagwa hushindwa kuondoka.

Yalibaki ya chombo kimoja tu, kwa sababu hakukiona. Lilikuwa tangi la samaki la mume wangu, chumbani kwetu chini ya dirisha, na juu yake mtu alikuwa ametupia kanga yangu.

Tangi hilo alilitengeneza mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa amepanda treni kwenda Tabora kununua vioo, akaalikwa chakula kwa mfanyabiashara mmoja, na kwenye sebule ya mtu yule akaona sanduku la kioo lililojaa maji, ndani yake majani mabichi yamesimama, samaki wanapita katikati. Aliporudi hakuzungumzia bei ya vioo wala hali ya safari.

"Mwalimu," akaniambia, maana aliniita hivyo kwa sababu nilifundisha wasichana Kurani barazani kwetu, "nimeona bustani imezama na haijafa."

Nilimwambia anawe mikono, chakula kinapoa.

La kwanza alilibandika kwa pati, lile tope la kushikizia vioo vya madirisha, likavuja usiku kucha mpaka godoro likalowa. La pili alingojea gundi nzuri iliyoletwa na mtu kutoka Kigoma, na hilo likashika. Udongo wa chini aliuchukua kwenye kichuguu, akautwanga, akauchekecha kama unga, kisha akaufunika kwa mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yake yakawa safi. Alisema mchwa wamemfanyia kazi ya miaka bure. Pampu hatukuwa nayo, na umeme wa Mpanda wakati ule ulikuja ukipenda. Alinieleza kwamba majani yakipata jua la dirishani yatawapa samaki hewa, nami nikaona ni maneno tu. Mpaka siku moja ya adhuhuri aliponikalisha kwenye kigoda nikaona mwenyewe: kutoka kwenye ncha za majani vilitoka vipovu vidogo kama mbegu za ufuta, vimeshikana mstari, vinapanda juu polepole. Nikasema alhamdulillahi. Nilikuwa nimesoma miaka mingi kwamba kila kiumbe kinamtukuza Mola wake, lakini sikuwa nimewahi kukaa chini nikakitazama kimoja kikiwa kazini.

Majina ya mimea ile hatukuyajua. Hapakuwa na kitabu wala mtu wa kumuuliza. Alikwenda kwa baiskeli kwenye mito na madimbwi, akarudi na gunia bichi, na tukaanza kuichambua kwenye beseni. Utaratibu ulikuwa wake. Kwanza kunusa. Kisha kuvuta shina katikati ya vidole kuona kama ni la mviringo au lina pembe, kama lina uwazi ndani au limejaa. Kisha kutazama majani yametoka vipi: mawili yanaelekeana, au yamezunguka shina kama kola. Mwisho, mizizi. Mmoja haukuwa na mizizi kabisa na ulikwaruza mkono. Tukauita mkia wa mbweha. Mwingine ulikuwa na majani marefu bapa yanayolala na mkondo, huo utepe. Wa tatu, uliokuwa mwekundu kwa chini, ulikuwa mchicha wa maji, ingawa haukuwa mchicha na haukulika. Najua alijaribu.

Jambo la ajabu lilikuwa kwamba mmea uliong'olewa ukingoni, ukizamishwa, ulioza majani yote. Mara ya kwanza nilitaka kuutupa.

"Uache, Mwalimu," akasema. "Hayo ni majani ya hewani. Lazima yafe. Yatakuja ya majini."

Na yalikuja, membamba, laini, ya rangi nyingine, hata ukiyaweka pamoja na yale ya kwanza usingesema ni mmea mmoja. Ndiyo maana kuitambua kulikuwa kugumu. Ulichokijua nje hukukijua ndani.

Alikosea pia. Mkulima wa tumbaku wa Katumba, aliyekuja kununua kioo cha dirisha, alimpa konzi ya mbolea yake akamwambia hii itaamsha hata maiti. Mume wangu akaimwaga yote. Maji yakawa kijani, yakawa mazito, yakawa kama mlenda. Samaki walikufa wote isipokuwa wawili. Alicheka mwenyewe, akasema mkulima yule hakudanganya, harufu ile kweli ingeamsha maiti. Baada ya hapo alilisha mimea kwa udongo wa kichuguu tu, kidonge kidogo kilichokaushwa, akikididimiza karibu na mizizi.

Kila siku baada ya kuswali adhuhuri aligonga kona ya kioo mara mbili kwa mpini wa kisu chake cha kukatia vioo. Samaki wakaja pale. Akawapa pumba iliyopepetwa. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake, na Mungu ndiye shahidi wangu, hakuwa na nyingine.

Mwaka wa mwisho, katikati ya kiangazi, alikwenda kwao, bondeni huko upande wa Usevya, kuzuru makaburi ya wazazi. Alirudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Kilikuwa cheusi, ukubwa wa yai la kuku, kina vinyweleo. Sikukijua. Nilidhani ni tope lililogandamana. Aliingiza mkono kwenye tangi akakididimiza mchangani kwa dole gumba.

"Ni nini hicho?"

"Tuone kwanza," akasema. "Usikigeuze."

Homa ilimshika siku chache baadaye, na hakuinuka tena. Hakunieleza kile kilikuwa nini, nami sikukumbuka kumuuliza tena, maana mtu akiugua humuulizi habari za tope.

*

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane wa Kiislamu hukaa ndani ya nyumba ya mumewe, hajipambi, hatoki bila haja kubwa. Nilikuwa nimewafundisha wasichana wengi hukumu zake, na sasa nikawa ndani yake mwenyewe, nimevaa nyeupe. Watoto wetu walikuwa wameoa na kuolewa mbali. Walikuja, wakalia, wakarudi kazini. Aliyebaki nami alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Dini ilimkuta akiwa mtu mzima, akaipokea kwa moyo, lakini ya ukoo wake hakuyaacha mlangoni.

Aliinua kanga ile siku ya kufua.

"Wifi! Maji haya yalikuwa hapa siku ile?"

"Yalikuwa."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nimefiwa, wifi. Sikuwa nahesabu vyombo."

Akaenda moja kwa moja kuchukua ndoo. Nikasimama mbele ya tangi. Sijawahi kumzuia mtu mzima kwa mwili wangu kabla wala baada ya hapo.

"Unataka mdogo wangu azurure?" akaniuliza. Hakuwa na ukali. Alikuwa anaogopa kweli, kwa ajili yake. "Anaingia humo, anajiona, anadhani bado yupo. Utamzuia mpaka lini?"

Nilijua roho ya mtu ikishachukuliwa iko mikononi mwa Aliyeichukua, na haina shughuli na maji ya chumbani kwangu. Hilo nilimwambia. Lakini vilivyokuwamo tangini ndivyo vitu pekee vilivyopandwa kwa mkono wake ambavyo bado vilikuwa vinaota, na hilo sikumwambia.

Tukamwita imamu wa mtaa. Alizungumza nasi nyuma ya pazia, na alikuwa mtu wa kupima maneno.

"Kisheria, maji hayana neno," akasema. "Vioo pia havina neno. Lakini wala hapana dhambi kumwondolea wifi yako hofu. Yakae mpaka eda iishe, ili mjane asipate msiba mara mbili. Siku ya kutoka eda, yamwagwe, ili marehemu alale. Mmeridhika?"

"Mimi sijaridhika," wifi akasema.

"Na mimi sijaridhika," nikasema.

"Basi nimehukumu vizuri," akajibu, tukasikia viatu vyake vinaondoka.

*

Hapo nikaanza kufanya kazi ambayo nilikuwa nimeitazama tu. Maji ya bomba, yalipotoka, niliyaacha kwenye ndoo wazi mpaka harufu ya dawa iishe ndipo niongeze. Majani yaliyooza niliyatoa kwa vidole. Nikajifunza kwamba utepe ukikatwa kichwani huoza, unatakiwa ukatwe kwenye mzizi. Kwamba mkia wa mbweha ukikatwa popote huendelea. Kwamba mchicha ukikosa jua hupoteza wekundu kabla ya kupoteza uhai, kwa hiyo ni wa kwanza kukuambia hali. Nilifungua dirisha nikafunga dirisha. Nilikuwa sitoki nje, na wao hawatoki nje, na sote tulitegemea mwanga uleule mmoja.

Kile cheusi kilikaa mchangani bila kufanya lolote. Niliamini kimeoza. Lakini aliniambia nisikigeuze, nami sikukigeuza.

Lililonisumbua lilikuwa la samaki. Kila siku baada ya adhuhuri, mkeka wa kuswalia bado haujakunjwa, waliacha mambo yao wote, wakaja kwenye ile kona wakapanga vichwa vyao kuelekea kioo. Hapakuwa na aliyegonga. Mimi nilikuwa nawalisha asubuhi, tena upande mwingine, kwa sababu sikuweza kuishika ile saa yake. Walikaa pale wakitikisa mapezi, macho yametazama sehemu moja ya hewa, kiasi cha kimo cha mkono wa mtu aliyesimama. Kisha, kama walioruhusiwa, wakatawanyika.

Wifi naye aliwaona.

"Wanamtazama nani?"

"Wamezoea."

"Wamezoea nani?"

Nikashika tasbihi yangu nikaendelea.

Halafu ikaja siku ya uji. Alikuwa ameniletea uji kwenye sinia, akainama kuliweka chini karibu na tangi, na nje jua lilikuwa kali, chumba kikiwa na giza la mapazia. Nikasikia sinia linaanguka.

"Yumo! Wifi, yumo!"

Nilipiga magoti pembeni yake. Na mimi nikamwona. Katikati ya utepe, nyuma kidogo ya majani, palikuwa na uso wa mume wangu: paji lile pana, mashavu yale yaliyobonyea, midomo imeachana na mwanya wa meno ukaonekana. Alikuwa amekonda kama siku zake za mwisho. Kisha pembeni yake nikaona mwanamke mwenye nguo nyeupe, nikajijua, na kwa kujijua mimi nikamjua na yeye.

"Ni wewe," nikamwambia. "Wifi, ni wewe. Mmefanana."

Akajigusa shavu. Uso ule majini ukajigusa shavu. Tulikuwa hatujaona sura zetu tangu siku ya maziko. Vioo vyote vilikuwa vimetazama ukuta.

"Nimekonda hivi?" akauliza taratibu.

Tulicheka, kisha tukalia, kisha akafuta uji. Lakini toka siku hiyo alipita chumbani kwangu akiwa amegeuza kichwa upande wa pili, na ndoo aliiweka tayari nyuma ya mlango. Kwake, kufanana hakukuondoa lolote. Kama mdogo wake alitaka kuonekana, alisema, angetumia uso gani mwingine?

Nami, nikiwa na haja ya kumwona mume wangu, nilimwita dada yake aje aniokotee kitu karibu na dirisha. Aliinama akiwa amegeuka, lakini mara nyingine kioo kilimkamata upande wa shavu. Ilinitosha. Nilimshukuru Mungu kwa shavu hilo.

Joto lilipozidi, wakati watu wanaanza kutazama mawingu, mchanga ulipasuka kidogo pale alipodidimiza dole gumba. Likatoka jani dogo moja, likajikunjua. Lilikuwa jembamba, rangi ya zambarau, lenye umbo la kichwa cha mshale, laini hata likatikisika samaki akipita. Nililichunguza kwa utaratibu wake wote. Halikuwa na harufu. Shina lake lilikuwa uzi mmoja, halina matawi. Likafuata la pili, la tatu, yote yanatoka chini mahali pamoja. Sikuwahi kuona mmea wa namna hiyo mtoni wala dimbwini. Nilifikiri pengine haujulikani na mtu yeyote, na aliyeujua amekwenda nao. Na eda yangu ilikuwa inakwisha.

*

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa nguo ya rangi, wanawake wa mtaa wakaja na udi, wakala, wakaondoka. Wifi akaleta ndoo.

Ahadi ni ahadi. Nilivuta maji kwa mpira, nikaonja tope lake, yakaanza kushuka. Samaki tuliwaweka kwenye beseni. Yeye alibeba ndoo moja baada ya nyingine mpaka nje ya ua, upande jua linakozama, akamwaga akinong'ona maneno ya kwao, na mimi nikasoma yangu. Hatukuingiliana. Mimea ililala juu ya mchanga kama nywele zilizolowa. Maji yalipokuwa kiasi cha kiganja, alisema na tope pia litoke, limekunywa yale maji. Akaingiza mkono bila kutazama, kichwa kimegeukia ukutani, akavuta.

Mkono wake ukasimama.

Vidole vyake vilikuwa vimeshika kile cheusi, na nikaona vinakigeuza, vinakipapasa vinyweleo, kama mtu anayejaribu ufunguo gizani. Akakitoa. Akakwangua kwa ukucha. Ndani palikuwa na unjano hafifu. Akaweka ulimini.

"Nani ameleta hiki?"

"Mdogo wako. Alirudi nacho kutoka kwenu."

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia tuone kwanza."

Akakaa chini sakafuni palipolowa, na nguo yake nzuri.

"Ni yungiyungi," akasema.

"Yungiyungi nalijua, wifi. Jani lake la duara, linaelea juu. Hili limefanana na mshale."

"La juu ndilo la duara. La chini sijui likoje. Hatujawahi kuliona. Maji yalikuwa tope." Alikuwa anaongea na kile kilichokuwa mkononi. "Mwaka wa njaa. Mama anaingia mpaka kifuani, anavitafuta viazi vyake kwa vidole vya miguu. Anazama, anaibuka na kimoja, anatupa ukingoni. Mimi nimembeba huyu mdogo wangu mgongoni, nimeambiwa nikiona kiboko nipige kelele. Tulichemsha, tukala. Ladha yake ndiyo hii, chungu mwanzo. Mama mwenyewe hakuumaliza mwaka. Baridi ya maji yale ilimwingia kifuani."

Niliishi na mtu yule tangu ujana wangu. Aliniambia kuhusu vioo, treni, mchwa, tumbaku. Hili hakuniambia.

"Alikuwa mtoto wa mgongoni," wifi akasema. "Nilidhani hakumbuki. Sijawahi kumkumbusha."

Majani yale matatu ya zambarau yalikuwa yamelala kwenye kiganja chake. Aliyaangalia muda mrefu. Huko ndiko mama yake alikokuwa akikanyaga, kwenye majani ya namna hii, hakuna aliyeyaona, na mdogo wake alikuwa amekata kioo ili ayaone.

"Maji yalipaswa kumwagwa," akasema mwishowe.

"Yamemwagwa."

"Lakini hiki si maji."

"Hiki si maji," nikasema.

Mvua za kwanza zilikuwa zimekwishajaza pipa letu chini ya bati. Alikwenda mwenyewe na ndoo ileile. Tulimwaga polepole juu ya sahani ili mchanga usichafuke, na kabla ya kujaza, yeye ndiye aliyekididimiza, kwa dole gumba, mahali palepale. Sikumwonyesha mahali. Kisha akaingia dukani akageuza vioo, kimoja kimoja, hataki kusaidiwa.

Samaki walizoea maji mapya. Kesho yake baada ya adhuhuri wakaja kwenye kona wakapanga vichwa, kama kawaida, wakitazama hewa ileile. Nilikuwa mlangoni. Wifi alikuwa amefunga mzigo wake wa kurudi Usevya, ameuacha barazani, na sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, uso karibu na kioo, hajageuza kichwa. Kama alikuwa anatazama jani au anatazama yule mwingine, sikumuuliza. Akanyoosha mkono kwenye dirisha, akachukua kile kisu cha kukatia vioo ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa, akagonga mara mbili kwa mpini.

"Niletee pumba, wifi," akasema. "Hawa wamengoja sana."